Klachi na Injini ya Mashine ya Kukata Nyasi

Klachi ya mashine ya kukata nyasi hukaa kwenye shafti ileile inayotoka kwenye injini, ndiyo maana ubovu wa moja hujitokeza kwa sura ya ubovu wa nyingine. Belti ikichoka, mwenye mashine hulalamika kwamba injini imeisha nguvu. Gavana, yaani kidhibiti cha mzunguko wa injini, ikitoka kwenye nafasi yake, injini haipandi mzunguko, klachi haishiki, na mtu hukimbilia dukani kununua klachi nyingine ilhali ya zamani haina kosa. Hata kisu kilicholegea huweza kuusingizia moto wa plagi. Mashine nyingi ndogo zina flaiwili nyepesi ya aluminiamu, na uzito wa kisu ndio unaosaidia kuivusha pistoni kwenye kompresheni. Kisu kikilegea, injini hurusha nyuma na kamba ya kuwashia humvuta mtu mkono kwa ghafla. Wengi wakifika hapo hufungua kabureta. Kumbe ilikuwa bolti moja tu chini ya mashine.

Injini itakayotumika hapa kama mfano ni Honda GXV160, yenye silinda moja ya stroku nne na shafti iliyosimama wima: cc 163, kipenyo cha silinda milimita 68, mwendo wa pistoni milimita 45. Ndugu yake ni GX160, ambayo shafti yake imelala na ambayo hufungwa kwenye pampu za maji na jenereta, kwa hiyo fundi aliyewahi kufumua pampu hatakuwa mgeni hapa. Injini za Briggs & Stratton zitatajwa pale zinapotofautiana nazo kwa jambo la maana.

Kabla ya kugusa chochote, kofia ya plagi huvuliwa na kusogezwa mbali na plagi yenyewe. Hilo halina mjadala. Kisu cha sentimita 53 kinachozunguka mara 3,100 kwa dakika hupeleka ncha yake kwa kasi ya karibu mita 86 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na injini iliyozimwa huweza kuwaka kwa kusukumwa kisu kwa mkono ikiwa petroli ipo na plagi imeunganishwa. Petroli humwagwa kwenye chombo chenye kifuniko, kisha mashine hulazwa ubavu, chujio la hewa na kabureta vikitazama juu. Ikilazwa upande wa pili, oili hushuka hadi kwenye chujio na silinda, na baadaye fundi huhangaika na moshi aliouleta mwenyewe.

Kujua ubovu uko wapi huchukua muda mfupi kuliko kufungua bolti za kwanza. Injini inayowaka vizuri, inayopanda mzunguko na kutoa sauti safi bila mzigo, lakini mashine ikagoma kutembea au kisu kikapungua kasi kinapokutana na nyasi ndefu, ina tatizo la klachi au belti. Injini inayodidimia yenyewe na sauti yake kubadilika kabla ya kuzima ina tatizo lake. Moshi wa bluu ni oili inayoungua: ringi zimekwisha, valvu imelegea kwenye njia yake, au oili imejazwa kupita kiasi. Moshi mweusi ni petroli nyingi, na mara nyingi chanzo chake ni chujio la hewa lililozibwa na vumbi. Mwinuko nao uhesabiwe. Kwa kadirio la Honda, injini hizi hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda juu ya usawa wa bahari. Mashine iliyokuwa ikikata kwa raha Mombasa, ikipelekwa Nairobi kwenye mita 1,700 hivi, huwa imeacha njiani karibu moja ya tano ya nguvu zake, tena inakutana na nyasi nene za kikuyu. Hakuna klachi itakayorudisha nguvu hizo.

Geji ya kompresheni hudanganya katika injini za namna hii, kwa sababu kamshafti ina kifaa kinachoifungua valvu kidogo wakati wa kuvuta kamba ili mkono usiumie. Kipimo cha kuaminika zaidi ni cha mkono. Kava la kamba huondolewa, plagi ikiwa imefungwa mahali pake, kisha flaiwili huzungushwa kinyume cha mwelekeo wake wa kawaida. Silinda nzima huirudisha flaiwili kwa nguvu, ikaruka. Silinda iliyochoka huiacha ipite polepole, na anayetega sikio husikia hewa ikipumua: kwenye kabureta ikiwa valvu ya kuingizia inavuja, kwenye eksozi ikiwa ya kutolea inavuja, kwenye tundu la oili ikiwa ringi ndizo zilizoisha.

Klachi zenyewe si za aina moja. Iliyo rahisi kuliko zote ni belti na puli ya kukazia: mkono wa mashine ukibanwa, waya huivuta puli ndogo, belti hukazwa na magurudumu hutembea, mkono ukiachwa, belti hulegea na kuteleza tu. Hapa karibu kila ubovu ni wa belti iliyong'aa na kuwa ngumu pembeni, springi iliyonyooka, au waya uliorefuka. Waya hurekebishwa kwanza, kwani ni bure. Belti mpya inunuliwe kwa namba iliyochapwa mgongoni mwa ile ya zamani. Belti iliyozidi sentimita moja haikazwi na puli hata ifanyweje, na iliyopungua huiburuza mashine hata mkono ukiwa umeachwa. Beringi ya puli hiyo izungushwe kwa kidole: ikikwaruza, ibadilishwe palepale, maana ndiyo iliyoila belti ya kwanza.

Aina ya pili ilizaliwa na sheria. Tangu mwaka 1982 Marekani inadai kwamba kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya mtu kuachia mkono wa mashine. Watengenezaji walipata njia mbili. Moja ni breki inayoibana flaiwili na kuzima injini yote. Nyingine, ya gharama kubwa, ni klachi ya kisu yenye breki yake, inayokiacha kisu kisimame huku injini ikiendelea kuzunguka, ili mtu amwage mfuko wa nyasi bila kuvuta kamba tena. Klachi hii hufungwa kwenye ncha ya chini ya shafti. Springi nzito huisukuma sahani yenye tabaka la msuguano, na mkono wa mashine ndio unaoitoa kwenye breki na kuishikiza kwenye injini. Ubovu wake hujulikana kwa harufu ya kuungua na kisu kinachopungua kasi kwenye nyasi nzito. Kwanza waya uangaliwe una ulegevu kidogo. Waya uliokazwa mno hauiachii breki ishike sawasawa, na uliolegea mno hauiachii klachi ifunge. Ndipo kisu kivuliwe, na kifuniko cha klachi kifuate. Springi za ndani zimebanwa, kwa hiyo bolti hulegezwa kwa zamu, robo mzunguko kila moja, hadi nguvu ya springi iishe. Kung'oa bolti moja yote kabla ya nyingine hukipinda kifuniko au hukirusha usoni.

Vumbi la klachi halipulizwi kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Vifaa vya zamani vya msuguano vilitengenezwa kwa asbesto, na kwa macho haiwezekani kujua kipi kinayo. Hufutwa kwa kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa kikatupwa. Tabaka lililoloa oili kutoka kwenye sili ya shafti halifai tena, hata likioshwa kwa petroli, kwa sababu joto huirudisha oili juu. Sili ndiyo ibadilishwe kwanza. Vinginevyo tabaka jipya litaloa wiki hiyohiyo.

Aina ya tatu ni ile ya mashine ya kufyekea ya mgongoni au ya mkanda wa begani, inayoonekana pembeni mwa barabara na mashambani, na baadhi ya mashine za silinda za viwanja vya gofu: klachi inayoshika kwa kasi. Shuu mbili zimefungwa kwenye flaiwili, springi ikizivuta ndani. Injini ikipanda mzunguko, shuu hutupwa nje na kuubana ukuta wa dramu. Nguvu inayozitupa hukua kwa mraba wa kasi: mzunguko ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Hapo ndipo injini inaposingizia klachi kwa urahisi zaidi. Injini iliyopoteza sehemu ndogo tu ya mzunguko wake kwa sababu eksozi imejaa masizi hupoteza sehemu kubwa zaidi ya mshiko wa klachi, na shuu zikateleza na kuungua ingawa hazikuwa na kosa. Kichwa kikizunguka injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini kabisa, skrubu ya kabureta irudishwe kwanza. Kikiendelea, springi imekatika au imelegea. Shuu hubadilishwa mbili kwa pamoja na springi yake, kwani shuu moja mpya na moja ya zamani huitikisa mashine yote. Vile vishale vidogo au maandishi kwenye shuu hutazama nje, na washa za mawimbi chini ya bolti zirudi mpangilio uleule. Zikisahaulika, shuu hubanwa na haziwezi kufunguka. Dramu iliyogeuka bluu imeungua. Huweza kutumika tena ikiwa bado ni mviringo na haina ufa.

Klachi ikiwa nzima na kipimo cha flaiwili kimeonyesha udhaifu, injini hufumuliwa. Oili humwagwa ikiwa ya moto kwenye sahani nyeupe au beseni jeupe, maana ndiyo itakayosema kilichomo ndani. Ikimetameta kwa chembe za rangi ya fedha, konrodi ya aluminiamu inasagika. Ikinuka petroli na kuwa nyepesi kama maji, sindano ya kabureta haifungi na petroli imekuwa ikishuka hadi kwenye oili. Ringi mpya peke yake hazitaokoa injini hiyo.

Flaiwili hutolewa kwa pula. Kupiga ncha ya shafti kwa nyundo ni desturi ya karakana nyingi, na injini nyingi zimemalizwa hivyo: uzi wa shafti hubomoka, au sumaku za flaiwili hupasuka. Ikishatoka, iangaliwe kii, kipande kidogo cha chuma kinachokaa mferejini kati ya flaiwili na shafti. Kisu kikipiga jiwe au kisiki, shafti husimama ghafla huku flaiwili ikitaka kuendelea, na kii hukatika au kusogea. Kusogea kidogo tu, kiasi cha mstari unaoonekana pale nusu mbili zilipopishana, hutosha kuharibu wakati wa moto: injini hukohoa, hurusha nyuma, au haiwaki kabisa hata plagi ikiwa na cheche kali. Katika Briggs & Stratton kii imetengenezwa kwa metali laini makusudi, ili ikatike yenyewe badala ya kuvunja flaiwili. Anayeweka kipande cha msumari mahali pake ameondoa ulinzi huo kwa kitu cha bei ndogo kuliko plagi.

Baada ya pigo la namna hiyo, shafti nayo hupimwa. Plagi ikiwa nje, kamba huvutwa taratibu na jicho hutazama kichwa cha bolti ya kisu. Kikichora duara badala ya kukaa katikati, shafti imepinda. Wapo wanaoinyoosha kwa presi. Chuma kilichopinda na kunyooshwa baridi huwa na nyufa zisizoonekana, na kisu kizito kinaning'inia kwenye ncha yake karibu na miguu ya mtu. Shafti iliyopinda hutupwa.

Hedi hufunguliwa kwa kulegeza bolti kwa mkingamo, kidogo kidogo. Gasketi isomwe kabla ya kutupwa: njia nyeusi ya masizi inayovuka kutoka silinda kwenda kwenye chumba cha pushi rodi inaeleza kwa nini injini ilikuwa ikitema oili. Unyoofu wa hedi hupimwa kwa kuilaza juu ya kioo kinene na kupitisha fila geji. Jani la milimita 0.10 likipita, hedi imepinda. Ya kupinda kidogo hunyooshwa nyumbani kwa msasa laini uliotandazwa juu ya kioo hichohicho, ikizungushwa kwa mwendo wa namba nane.

Valvu hujaribiwa kwa kumwaga petroli kidogo kwenye tundu la kuingizia na la kutolea, hedi ikiwa kichwa chini. Zikitoa jasho upande wa pili, husagwa kwa dawa ya kusagia, hadi alama ya kijivu isiyokatika ionekane kuzunguka valvu yote. Dawa hiyo ni mchanga mkali. Chembe yake ikibaki kwenye njia ya valvu, kazi yote ya kusaga imekuwa hasara.

Kisha sampu hufunguliwa chini, kofia ya konrodi hutolewa, na pistoni husukumwa kutokea juu baada ya masizi ya mdomo wa silinda kukwanguliwa. Ringi haihukumiwi kwa kuitazama. Huchomekwa peke yake ndani ya silinda, hunyooshwa kwa kusukumwa na kichwa cha pistoni, na uwazi wa ncha zake hupimwa. Katika GX160 ringi mpya huwa na uwazi wa milimita 0.2 hadi 0.4, na ikifika milimita 1 imekwisha. Silinda yenyewe, iliyoanza na milimita 68, kikomo chake ni 68.165. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho, na mtu asiye na kifaa cha kuipima aipeleke silinda kwa fundi wa kuchonga vyuma, kama wale wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kabla ya kununua ringi. Mikwaruzo mirefu inayokwama kwenye ukucha ni kazi ya vumbi. Chujio la hewa lililotoboka, au lililoondolewa ili mashine "ipumue vizuri", huila silinda katika msimu mmoja wa kiangazi.

Kufunga ndiko kunakoharibu injini nyingi kuliko kufungua. Silinda huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, si kwa petroli, kwa kuwa petroli hulegeza grisi na kuacha unga wa msasa umekaa kwenye vinyweleo vya chuma. Huoshwa na kufutwa hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, halafu hupakwa oili papo hapo kabla ya kutu kuanza. Ringi hupangwa alama zake zikitazama juu, na ncha zake hutenganishwa kwa theluthi ya duara. Alama iliyo juu ya pistoni, na upande wa konrodi, virudi vilivyokuwa. Picha ya simu iliyopigwa wakati wa kufungua hufaa zaidi kuliko kumbukumbu. Kofia ya konrodi ikigeuzwa, hukazika bila shida na kuvunjika injini ikishapata moto. Konrodi hizi hazina beringi ya kubadilisha, aluminiamu huzunguka moja kwa moja juu ya shafti, kwa hiyo oili ipakwe kwa ukarimu na spana ya toki itumike: GX160 hutaka Nm 12 kwa bolti za konrodi na Nm 24 kwa bolti za hedi. Injini nyingine ina namba zake, nazo zitoke kwenye kitabu chake.

Nukta ya gia ya shafti hukutanishwa na nukta ya gia ya kamshafti. Jino moja likipishwa, injini haitawaka au itawaka bila nguvu, na hapo klachi itaanza kulaumiwa upya. Kabla ya kurudisha sampu, ncha ya shafti hufungwa utepe wa plastiki ili kingo za mfereji zisikate mdomo wa sili. Sampu ikigoma kukaa, bolti zisitumike kuivuta. Gia ya gavana haijashikana na mwenzake, na kulazimisha huivunja.

Valvu husetiwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kwenye kompresheni: milimita 0.15 kwa ya kuingizia, 0.20 kwa ya kutolea. Koni ya shafti na tundu la flaiwili huwa vikavu kabisa, bila oili wala grisi, kwa sababu msuguano wa koni ndio unaobeba flaiwili. Kii huiweka tu mahali pake. Koili hufungwa ikiwa na kadi nyembamba ya biashara kati yake na sumaku. Plagi huwa na uwazi wa milimita 0.7 hadi 0.8. Oili ya 10W-30, lita 0.65, hutiwa na kupimwa kwa kijiti. Gavana huwekwa mwisho: nati ya mkono wake hulegezwa, mlango wa kabureta hufunguliwa wote, shafti ya gavana huzungushwa hadi mwisho upande uleule, na nati hukazwa. Kuifunga gavana kwa waya ili mashine "ikimbie" hupeleka kisu kwenye kasi ambayo hakikutengenezewa.

Jaribio hufanyika nje, kwanza bila kukata kitu, kwa dakika chache, halafu injini huzimwa na kila kiungo huangaliwa kama kinavuja. Kisha mkono wa mashine huachiwa injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu na sekunde huhesabiwa. Kisu kikizidi 3, waya na breki virudiwe kabla mashine haijakata hata jani moja. Ile ya kufyekea huachwa kwenye mzunguko wa chini, na kichwa chake kisimame tuli.

Oili ya kwanza hubadilishwa baada ya saa 5 za kazi, na siku hiyohiyo bolti ya kisu hukazwa tena. Oili hiyo hutoka ya kijivu, nayo ni ringi zinazozoeana na silinda. Ikija na vipande vinavyoonekana kwa jicho, injini ifunguliwe kabla haijawashwa tena.